Tunaongeza bunduki nne na risasi aina mbili kwenye gemu yetu, nipeni mawazo

mtengeneza_mitutu:

Wakuu habari zenu, naenda moja kwa moja kwenye mada. Tuko watu wanne tunatengeneza gemu ya kuwindana, timu za watu watatu watatu, ramani moja kubwa yenye msitu, mabwawa na mashamba yaliyoachwa na wenyewe, na kila silaha iliyomo lazima iwe ilikuwepo duniani kabla mwaka 1898 haujaisha. Sa hivi tuna bunduki na bastola 14. Shida ni kwamba nikifungua data za mechi naona watu wanazunguka kwenye tatu tu, bunduki ya Kimarekani ya Winchester 1873, ile ya Kirusi ya Mosin ya 1891 na ile shotigani ya mitutu miwili, hizo 11 zilizobaki zipo zipo tu, mtu anaikuta chini anaigeuza geuza anaiacha pale pale.

Apdeti iliyopita tulifanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma. Tukaongeza sita kwa mpigo, modeli zimekaa vizuri, mbao zinaonyesha hadi mikwaruzo, sauti tumezihangaikia, ila tofauti yake ilikuwa namba tu, hii dameji (nguvu ya kuumiza) 110 ile 118, hii inajazwa sekunde 2 ile 1.8. Wiki ya kwanza kila mtu anazijaribu, wiki ya tatu zote zimekufa. Ilikuwa kazi ya miezi mitano ile.

Safari hii nina nafasi ya silaha nne na aina mbili za risasi, hatuwezi zaidi ya hapo. Na nimejiwekea kipimo kimoja, silaha mpya inaingia kama inamlazimisha mchezaji acheze tofauti, yani asimame sehemu nyingine, asubiri kitu kingine, aogope kitu kingine. Kama inachobadilisha ni namba ya dameji basi siitaki hata iwe nzuri vipi.

Ya kwanza nishaichagua, Lebel ya Ufaransa ya 1886, na sababu ni moshi. Kabla yake majeshi yote yalikuwa yanatumia baruti nyeusi, ukifyatua linatoka wingu jeupe linakuonyesha ulipo na linakuziba macho wewe mwenyewe. Mwaka 1884 Paul Vieille akatengeneza baruti ambayo moshi wake ni kidogo sana, na Lebel ndio ikawa bunduki ya kwanza ya jeshi kuitumia. Kwenye gemu yetu sa hivi moshi haupo kabisa, Winchester inafyatua safi kama bunduki ya leo. Nikiuweka moshi, Winchester inapata udhaifu wake wa kweli na Lebel inapata sababu ya kuokotwa. Nipeni nyingine tatu na hizo risasi mbili, na mseme kwa nini.

KitakoChaMbao:

Mkuu kwanza hongera kwa hicho kipimo, ningependa watengenezaji wengine wakipate. Ila Lebel yako haijakipita. Mosin ya 1891 nayo ilizaliwa na baruti isiyo na moshi, kwaiyo siku utakayoweka moshi unaiua Winchester afu watu wote wanahamia Mosin, Lebel bado itabaki chini pale pale. Moshi ni wazo zuri sana ila hilo ni la gemu nzima, halihesabiki kama sifa ya Lebel.

Sifa ya Lebel iko kwenye tumbo lake. Ina bomba chini ya mtutu linalokula risasi 8, unaweza kuongeza moja kwenye kile kijiko kinachopandisha risasi na nyingine chemba, yani pale risasi inapolipukia, jumla 10. Mosin ina 5. Lakini Mosin unachukua klipu ya risasi tano unaisukuma kwa kidole gumba umemaliza, Lebel unaingiza moja, moja, moja, umepiga magoti nyuma ya gogo unaomba Mungu. Kwaiyo mwenye Lebel anaanza ugomvi akiwa na nguvu mara mbili ya mwenzake na baada ya risasi ya kumi ni mtu aliyekwisha mpaka apate nafasi ya kujificha. Hapo unapata uchezaji mwingine kabisa. Ukiweka hilo vizuri, yani usifupishe muda wa kujaza eti watu watalalamika, itatumika.

Na nikishafika hapo nakupa ya pili ambayo mimi naipenda kuliko zote za miaka ile, Krag-Jørgensen. Wabunifu wake walikuwa Wanorwe, Denmark wakaichukua 1889, Marekani 1892. Ubavuni kulia ina kijimlango, unakifungua kinakuwa kama sahani ndogo, unamwagia humo risasi zako, moja au tatu au tano, unakifunga, zinapita chini ya bolti, kile chuma cha kuvutwa kwa mkono kinachofunga chemba, zinatokea upande wa pili. Uzuri wake ni kwamba wakati wote huo bolti imefungwa na risasi iko chemba. Fikiria kwenye mechi: umejificha nyuma ya ukuta unajaza, adui kasikia mlio wa kujaza anakurukia akijua uko uchi, kumbe unaachia kijimlango na kufyatua hapo hapo. Winchester nayo inajazwa ubavuni ikiwa imefungwa, ila bunduki za bolti za kawaida haziwezi hilo. Mosin ukitaka kujaza lazima ufungue bolti, na ukifungua bolti huna silaha mpaka uifunge tena.

Ubaya wake nao ni wa kweli, usiuzushe. Risasi zinaingia huru bila klipu, kwaiyo kuijaza yote kutoka sifuri ni taratibu kuliko Mosin. Na bolti yake inashikiliwa mbele na jino moja tu, haikuvumilia risasi zenye mgandamizo mkubwa, kwaiyo kama una risasi za kasi kwenye gemu hii isizikubali. Basi umeshaibalansi bila kugusa dameji.

ngurumo_9:

wakuu na bombomu je?? Maxim ilikuwepo 1884, inaruhusiwa kwa sheria yenu. Mtu mmoja na bombomu juu ya kilima mbona mechi itanoga

mtengeneza_mitutu:

@ngurumo_9 hilo tulilijadili sana na jibu letu ni hapana, angalau kwa silaha ya kubeba. Maxim inahitaji watu, mguu wake peke yake ni mzigo, na mtutu wake unapozwa kwa maji yaliyo ndani ya ile ngozi ya bati, yakichemka unatoka mvuke. Tukiweka mtu anakimbia nayo begani tumedanganya, na tukiiweka kama ilivyo, watu 8 kati ya 9 kwenye mechi wanateseka kwa ajili ya mmoja.

@KitakoChaMbao umenishika. Kweli kabisa, nilikuwa nafikiria moshi nikaisahau Mosin, na mimi ndio niliyeiweka Mosin kwenye gemu. Hiyo Krag ndio aina ya jibu nililokuwa nalitafuta.

ngurumo_9:

sawa mkuu ila si lazima ibebwe. Iwekeni imefungwa sehemu moja ya ramani, kwenye daraja mfano, afu haina maji. Mwenye kuitaka apeleke ndoo kutoka bwawani. Timu nzima itajua kuna mtu kaenda kuchota

mtengeneza_mitutu:

Hiyo naiandika pembeni, siahidi kwa apdeti hii ila naiandika. Kule kuchota maji ndio kumenigusa.

Kimyakimya:

Mimi ni mtu wa kunyemelea, kwenye hizo silaha zenu 14 sina hata moja ya kwangu, natumia upinde tu. Naomba bastola ya Nagant ya 1895 na sailensa, kile kifaa cha kupunguza mlio. Bastola za silinda kwa kawaida haziwezi sailensa maana kuna upenyo kati ya silinda na mtutu, gesi na sauti vinatokea pale, lakini Nagant ukivuta nyundo silinda inasogea mbele inaubana mtutu na ganda la risasi linaziba kabisa. Risasi 7. Naomba sana.

bolti_kavu:

@Kimyakimya ulichosema cha Nagant kuziba gesi ni kweli tupu, ila sailensa ya kuuzwa madukani bado haikuwepo. Patenti ya Hiram Percy Maxim ni ya 1909, huyo ni mtoto wa yule yule Maxim wa bombomu aliyoitaja ngurumo hapo juu. Kwa sheria ya 1898 haiingii. Nagant bila sailensa ni bastola ya kawaida yenye triga nzito na ya kujaza risasi moja moja kwa kijimlango cha pembeni, ukiipima kwa kipimo cha mwenye mada inafeli.

Lakini hoja yako ya kimya ni ya msingi na naona kuna jibu zuri zaidi ya sailensa. Bunduki ya hewa ya Girandoni. Jeshi la Austria lilianza kuitumia karibu 1780, na wavumbuzi wa Kimarekani Lewis na Clark waliibeba moja kwenye safari yao ya Marekani magharibi iliyoanza 1804. Kitako chake ndio chupa ya hewa, unakifungua unakijaza kwa pampu, mara 1,500 hivi mkono juu mkono chini, sio mchezo. Ubavuni ina bomba la gololi 20 za risasi. Haina moshi, haina mwako, na mlio wake hauna ule mshindo wa baruti.

Sasa sikiliza hiki ndio kinachoifanya ipite kipimo. Gololi zinashuka kwa uzito wake zenyewe, kwaiyo baada ya kila risasi unainua mdomo wa bunduki juu, unasukuma kile kibanzi pembeni, gololi inaingia, unashusha unalenga upya. Mtu aliyelala kifudifudi chini ya kitanda hawezi kuijaza vizuri. Mtu aliyejificha kwenye nyasi mtutu wake unachomoza juu kila baada ya risasi na mwenye macho ataona. Na kila risasi inatoka na hewa pungufu kuliko iliyotangulia, risasi ya kwanza inaua kwa mbali, ya ishirini na tano unamkera mtu tu. Mwenye nayo anahesabu kichwani muda wote, nimebakiza hewa ya ngapi.

KitakoChaMbao:

Hiyo Girandoni ni ya 1780 mzee, nani anaibeba 1895? Baruti tayari haina moshi, kuna Mosin, huyu anakuja na kifaa cha miaka mia moja na kumi na tano nyuma, ngozi za valvu zimeshaoza.

bolti_kavu:

Ramani yao ina mashamba yaliyoachwa. Nyumba iliyoachwa ina kabati, kabati lina kitu cha babu. Sheria inasema silaha iwe ilikuwepo duniani kabla 1898 haujaisha, haisemi ilitengenezwa mwaka huo. Bastola ya LeMat mtu akiipendekeza utaikataa? Ile ni patenti ya 1856.

KitakoChaMbao:

LeMat siikatai ila LeMat haihitaji valvu. Bunduki ya hewa ikivuja imekwisha, na mafundi wake walikuwa wachache hata enzi zake, hiyo ni sababu mojawapo jeshi liliiacha. Sikatai wazo, nakataa iwe inapatikana kama embe. Ikiwa moja tu kwa mechi nzima nakuunga mkono.

marisau12:

Wapendwa mmeongea bunduki tu, mwenye mada ameomba na risasi, na mimi naona risasi ndio mahali gemu nyingi zinalala. Mimi ni mtu wa shotigani toka siku ya kwanza kama jina langu linavyosema, nitasema ninayoyajua.

Shotigani mnayo, msiongeze nyingine, hata ile ya leva ya Winchester ya 1887 ambayo najua kuna mtu anakuja kuiomba. Ongezeni ganda. Miaka ile risasi za shotigani zilikuwa na maganda ya karatasi yenye kitako cha shaba, na pia kulikuwa na maganda ya shaba tupu. Karatasi ikinyonya maji inavimba. Ganda lililovimba haliingii chemba, au linaingia kwa kusukumizwa afu likishalipuka haling'oki. Ramani yenu ina mabwawa, nimesoma hapo juu, na sa hivi watu wanavuka bwawa mpaka shingoni wanatoka upande wa pili wanapiga risasi kama hawajalowa. Wekeni risasi za karatasi ziwe nyingi zimejaa kila nyumba, za shaba ziwe chache. Mwenye karatasi akiingia majini mpaka kiunoni asubiri zikauke au akubali kwamba risasi moja katika kadhaa itakwama. Hapo njia za kupita kwenye ramani zinabadilika bila nyie kugusa ramani. Mtu wa shotigani atapita darajani, na aliyemvizia darajani atajua kwa nini kapita darajani.

Afu naomba mrekebishe kitu kimoja, kwenye gemu nyingi nimeona bunduki ya namba 20 inapewa dameji kubwa kuliko ya namba 12 kwa sababu mtu ameona 20 ni kubwa. Namba ile ni idadi ya gololi za risasi zinazoenea upana wa mtutu ambazo jumla yake ni ratili moja, kama gramu 454. Namba 12 ni gololi kumi na mbili, kwaiyo kila moja ni kubwa, mtutu wake ni milimita 18 na nusu hivi. Namba 20 mtutu ni mwembamba zaidi. Mkikosea hapo sisi wenye kujua tunaumia kila tukifyatua.

LeMat iliyotajwa hapo juu naiunga mkono kwa mikono miwili na iingie kama silaha. Silinda ya risasi tisa na katikati ya silinda kuna mtutu wa pili wa marisau, kwenye nyundo kuna kiulimi unakigeuza kuchagua kipi kilipuke. Zile za mwanzo zinajazwa baruti, gololi na fataki kila tundu peke yake, hakuna mtu anafanya hivyo watu wanamrukia, kwaiyo kwenye mechi una tisa na moja afu basi. Mtu anaingia chumbani na LeMat anajua ana nafasi moja ya marisau kwa mechi yote. Ataitunza mpaka dakika gani? Hilo swali hakuna silaha yenu nyingine inamuuliza.

Kimyakimya:

@marisau12 na zile risasi za ncha laini zinazotanuka mwilini unazionaje kwa ile nafasi ya pili?

marisau12:

Hapana kwa kweli. Zilikuwepo miaka ya 1890, na mkutano wa Hague ukazipiga marufuku vitani 1899, ila kwenye gemu zinafanya nini zaidi ya kuongeza namba ya dameji? Mwenye mada ameshasema namba hazitaki. Kwenye gemu yenye fulana za kuzuia risasi ningesema sawa, maana risasi laini inashindwa na fulana kwaiyo mtu anachagua, lakini hawa hawana fulana.

nukta_nukta:

Nimefuatilia kimya kimya sasa nichangie, mimi kazi yangu ni kuandika programu za gemu, sio za hawa jamaa, ila nimewahi kukaa na tatizo hili hili.

Swali la kwanza kwa mwenye mada, risasi zenu zinasafiri au zinafika papo hapo? Kama zinafika papo hapo, yani seva inachora mstari tu kutoka kwenye mtutu, basi nusu ya mazuri yote yaliyoandikwa hapa hayataonekana. Chukua Martini-Henry ya Uingereza ya 1871, risasi yake ya gramu 31 inatoka na mwendo wa mita 410 hivi kwa sekunde. Lebel ni kama 630. Kwa umbali wa mita 200, tukiacha upinzani wa hewa ambao unazidisha tofauti, ya Martini inachukua karibu nusu sekunde na inashuka zaidi ya mita moja, ya Lebel theluthi ya sekunde na inashuka nusu mita. Mtu anayekimbia mita 5 kwa sekunde atakuwa amesogea mita mbili na nusu kwa Martini na moja na nusu tu kwa Lebel. Hapo hujagusa dameji na tayari ni bunduki mbili ambazo mkono wa mtu unajifunza tofauti.

Na kwa kuwa nimeitaja, Martini iingie. Risasi moja tu chemba, unavuta wenzo chini ganda linatoka unaweka nyingine unapandisha, ni mwendo mmoja mzuri sana wa mkono. Ila kuna kitu watu wanakisahau. Maganda yake ya mwanzo yalikuwa ya bati jembamba la shaba lililoviringishwa, bunduki ikipata moto na masizi ya baruti nyeusi yakijaa, ganda linang'ang'ania, wenzo unavuta linachanika. Wekeni joto. Mtu akipiga mbili tatu taratibu hakuna shida, akipiga nane mfululizo kwa pupa ya tisa inakwama anaanza kuchokonoa. Inamfundisha mtu utulivu bila maandishi yoyote kwenye skrini.

La pili ni sauti, na hapa namjibu Kimyakimya pia. Sauti inaenda mita 340 kwa sekunde. Risasi inayozidi hapo inapasua hewa, unasikia ule mlio mkali wa *tah!* kichwani, na mlio huo unatokea kwenye njia iliyopita risasi, hautoki kwenye bunduki. Aliyelengwa anageukia upande usio sahihi. Mlio wa bunduki yenyewe unakuja baadae, na pengo kati ya hizo mbili ndio linakwambia jamaa yuko mbali kiasi gani. Risasi za polepole chini ya 340, kama zile nene za bastola ya Colt 1873 ambazo hazifiki 300, hazina *tah*. Kwaiyo risasi yenu ya pili mpya iwe hiyo, risasi yenye baruti pungufu kwa Winchester. Inashuka haraka, haifai mbali, lakini aliyekoswa nayo haelewi kimepita nini. Bila sailensa yoyote, na hakuna wa kuja na patenti ya 1909 kukupinga.

Kimyakimya:

@nukta_nukta nimekuelewa na nimefurahi, hii ni nzuri kuliko niliyoiomba. Na baruti ikipungua si hata moshi unapungua?

nukta_nukta:

Ndiyo, wingu linakuwa dogo. Haliishi.

mtengeneza_mitutu:

Wakuu sijui niseme nini, nimekaa na wenzangu jana usiku tumesoma yote mpaka saa nane. Haya ndio tuliyofikia, na bado naweza kubadilishwa mawazo.

Krag inaingia, hilo halikuwa na mjadala. Martini inaingia na joto lake, mwenzetu anayefanya mijongeo ya mikono ameshaanza kuichora. LeMat inaingia na hairudishiwi risasi kwenye mechi, tulibishana kidogo hapo ila hoja ya marisau12 imeshinda. Nafasi ya nne ilikuwa kati ya Lebel na bunduki ya hewa na hapa tumegawanyika wawili kwa wawili. Mimi naitaka Lebel kwa zile kumi, wenzangu wawili wanaitaka Girandoni iwe moja kwenye ramani kama alivyosema KitakoChaMbao. Kinachonifanya nisite ni kwamba kuinua mtutu baada ya kila risasi kunahitaji mijongeo mipya ya mwili mzima, amesimama, amechuchumaa, amelala, na sisi tuko wanne tu. Lebel inatumia mijongeo ya bolti tuliyonayo.

Risasi ni maganda ya shotigani ya karatasi na shaba, na ile ya baruti pungufu kwa Winchester. @nukta_nukta risasi zetu zinasafiri ndiyo, ila tulikuwa tumezipa zote mwendo mmoja ili kupunguza kazi. Tunarekebisha.

Sasa moshi, maana umekuwa msingi wa kila kitu na ndio unanitisha. Wachezaji wetu wengi wana mashine dhaifu, wanashusha grafiksi zote chini. Nikiweka moshi mzito kwa wenye mashine nzuri na mwepesi kwa wenye mashine mbovu, basi kila mtu wa ushindani atashusha grafiksi makusudi ili aone kupitia wingu. Nimeona hilo kwenye nyasi, kuna watu wana mashine kubwa kabisa wanacheza na grafiksi za chini kwa sababu nyasi zinapotea.

KitakoChaMbao:

Kwenye Lebel na Girandoni weka Lebel sasa, Girandoni subiri. Kuinua mtutu kukifanywa kwa haraka haraka kutaonekana vibaya na watu wataichukia bunduki ambayo haikukosa kitu.

bolti_kavu:

Nakubali kwa shingo upande, mradi isisahaulike.

nukta_nukta:

Kuhusu moshi, tenganisha mambo mawili, unavyoonekana na unavyoziba. Seva iwe na duara kadhaa tu kwa kila mlipuko, tuseme tatu au nne, kila moja ina mahali, ukubwa na uzito, zinatanuka na kufifia, na zinasogezwa na upepo wa mechi ambao ni mmoja kwa wote. Ndani ya nyumba hakuna upepo kwaiyo zinakaa muda mrefu. Data yake ni ndogo sana kutuma. Afu kila mashine inachora kwa uwezo wake, mwenye mashine nzuri anaona wingu linaviringika, mwenye mashine dhaifu anaona picha bapa nne zimegeukia kamera, hazipendezi, lakini uzito wa kuziba ni ule ule na hauko kwenye menyu ya grafiksi. Usimpe mtu kitufe cha kuupunguza. Na mtu aliye nyuma ya wingu zito seva isimtume mahali alipo kwa mwenzake, la sivyo wenye kudanganya watamwona tu.

Anza na Winchester peke yake, mechi za majaribio, mashine mbovu kuliko zote mliyonayo. Ikifika fremu 30 kwa sekunde hapo na watu sita wanafyatuliana kwenye chumba kimoja, weka kwa zote.

mtengeneza_mitutu:

Mashine mbovu kuliko zote ni ya kwangu. Naanza leo, nikipata namba za fremu naleta hapa.